Habari ya Mvua Aliyoificha Masolwa

Ndugu zangu, tulieni niwaeleze yaliyokipata kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kutoka Ziba, upande wa Nzega, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe pale. Nyumba zilijengwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, zote za nyasi. Jua likipungua makali, wanaume walikusanyika uani kwa Masolwa kusikiliza redio, maana redio kijijini ilikuwa hiyo moja tu. Koleta, mkewe, alitandika mikeka na kuleta karanga. Mama yake Masolwa, Bibi Nyamizi, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi miaka mitano, aliketishwa mlangoni apate hewa na mazungumzo ya watu. Ilikuwa raha.

Masolwa aliipenda raha hiyo kupita kiasi. Hakuwa na cheo chochote, lakini watu wazima walinyamaza akiinua kidole. Wakimwuliza redio imesemaje, alijibu kana kwamba habari ni zake.

Jioni moja ya Septemba ulisomwa utabiri wa mvua za vuli kwa mikoa ya ziwa. Msomaji alisema kwamba upande wa Bukoba mvua zingewahi. Masolwa alikuwa akisimulia mambo yake huku redio inasema, akadaka maneno mawili tu: ziwa, na kuwahi.

"Wiki ya kwanza ya Oktoba tunalowa," akawatangazia. "Pandeni sasa, mvua iikute mbegu ardhini."

Wakapanda. Mahindi ya mbegu yaliyogawiwa kutoka ghalani wakayafukia kwenye vumbi. Aliyekataa ni mmoja, Kabula, mjane mzee, mkunga wa kijiji. "Udongo bado," alisema, akaendelea na shughuli zake.

Oktoba ikaingia, ikafika katikati, ikawa inakwisha. Mbingu nyeupe. Mchwa wakaila mbegu yote, na waliofukua kutazama hawakukuta kitu. Ngollo, baba wa watoto saba na mwepesi wa hasira, akaanza kupita mlangoni kwa Masolwa bila kusalimu.

Asubuhi moja Masolwa alifungua redio peke yake, kwa sauti ya chini. Utabiri ulirudiwa, na safari hii aliusikia wote. Kusini mwa ziwa mpaka Nzega, mvua hazingefika kabla ya wiki ya tatu ya Novemba, nazo zingekuwa chache. Wakulima wapande mtama na uwele. Upepo ungevuma kwa nguvu, watu wajihadhari na moto. Akaizima. Kugeuka, Koleta amesimama nyuma yake na ndoo.

"Baba Raymundi, kumbe tulisikia vibaya."

"Hukusikia kitu. Nenda kachote maji."

"Waambie leo. Mtama wa mbegu bado upo ghalani."

"Niwaambie kwamba mimi ni mpumbavu? Niache, nitatafuta namna ya kusema."

Koleta akamfunga mwanawe Raymundi mgongoni, akajitwisha ndoo yake. Lambo lenye maji lilikuwa mbali siku zile. Kwenda na kurudi kulimaliza mchana.

Saa nane Ngollo na wanaume kama ishirini wakamkuta Masolwa ghalani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tobias, alikuwa mkutanoni Nzega.

"Masolwa, watoto wangu watakula nini?" Ngollo akauliza. "Wewe ndiye uliyetuambia tupande."

Hapa, ndugu zangu, palihitajika neno moja tu: nilikosea. Masolwa alikuwa nalo mdomoni. Lakini alizitazama zile nyuso, akaona heshima yake yote inamwagika mbele yake.

"Redio haikukosea," alisema. "Mvua ilikuwa yetu. Kuna mtu ameifunga."

"Nani?"

"Mimi simtaji mtu. Jiulizeni ni nani hakupanda. Alijuaje?"

Hakutaja jina. Baadaye alijitetea sana kwa hilo.

Walimkuta Kabula anapepeta uwele mbele ya nyumba yake. Ngollo alimpiga fimbo ya bega kabla hajainuka. Alipoinua mkono kujikinga, fimbo ya pili ikauvunja, na waliokuwa karibu walisikia mfupa. Wanaume ambao watoto wao walipokelewa na mkono ule ule wakamburuta kwa nguo mpaka njiani, wakampiga mateke ya mbavu.

"Tazameni macho yake, mekundu ya kichawi," mmoja akasema. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya mama zetu wote.

"Ifungue mvua," Ngollo akamwamuru.

"Nifungue nini, wanangu?" Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Akamwona Masolwa nyuma ya umati. "Masolwa, wewe una redio. Waambie imesemaje."

Watu wote wakageuka. Masolwa akatazama vidole vya miguu yake. Ngollo alipoona hivyo akachomoa panga, akamkata Kabula kichwani mara mbili. Mwingine alikuwa amekwisha chukua kijinga cha moto mekoni akakichomeka kwenye paa.

Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Paa la Kabula halijaanguka, moto umekwisha rukia nyumba ya pili, na ya tatu. Nyasi zinazowaka ziliruka juu ya vichwa vya watu. Waliokuja kuua wakaanza kukimbia huku na huku wakiita watoto wao. Nyumba ya Masolwa ilikuwa ya tano katika mstari huo.

Alipofika, mlango ulikuwa unawaka. Ndani mama yake alikuwa anamwita kwa jina, bila kupiga kelele, kama mtu anayeomba apewe maji. Aliingia. Akamshika mikono kumvuta, na ngozi ya mama yake ikabaki viganjani mwake. Akamshika tena, kwapani. Hapo paa likashuka. Watu walimvuta Masolwa kwa miguu, nywele zikiwaka. Bibi Nyamizi alibaki ndani.

Koleta aliporudi na maji kichwani, hapakuwa na nyumba ya kuyapeleka. Alipiga magoti njiani akamnywesha Kabula, aliyekuwa bado anahema. Kabula alikata roho kabla jua halijatua. Nyumba kumi na tisa ziliteketea, na ghala pamoja na mtama wake.

Kesho yake Mzee Tobias alirudi na polisi. Kila aliyeulizwa alisema mvua ilifungwa. Ndipo Koleta akasimama mbele ya watu.

"Hakuna aliyefunga mvua. Redio ilisema ni Novemba. Mume wangu alisikia, na mimi nilisikia. Nami pia sikusema."

Masolwa alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa matambara. Mzee Tobias akamwuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema. "Mama yangu nimemwua mimi. Na Kabula pia."

Yeye, Ngollo na wengine wanne walichukuliwa siku hiyo, na wake zao hawakuwaona tena kijijini. Mvua ilianza wiki ya tatu ya Novemba, ndogo ndogo, ikalowesha majivu. Koleta aliomba mbegu ya mtama kijiji jirani, akaenda kulima, Raymundi mgongoni. Siku ya pili mke wa Ngollo alikuja na jembe lake, akashika mstari wa pembeni. Hawakusalimiana. Walilima mpaka mwisho wa shamba.

Funzo

Ndugu zangu, mvua haina mtu wa kuifunga. Bibi mwenye macho mekundu ni mama aliyepika miaka mingi, na mkimnyooshea kidole mnajinyooshea wenyewe. Nawe uliyepewa habari ambayo wenzako wanaitegemea, iwe ya mvua, ya ugonjwa au ya njaa, usiigeuze ili ubaki mkubwa. Ukikosea, sema umekosea, siku hiyo hiyo, hata wakikucheka. Kicheko kingekwisha jioni ile, na Bibi Nyamizi angekuwa ameketi mlangoni pake.