Punje Zisizosagwa

Nyumba ya Fundi Cherehani haikosi watu. Asubuhi wateja, jioni majirani na umbea wao. Katikati hukaa mama mkwe wake, mgonjwa wa presha, mdomo haulali.

Daktari alimwandikia bibi kapsuli, zile zenye punje ndogondogo ndani. Kila akimeza, zilimpalia. Fundi akaanza kuzifungua, akasaga punje zikawa unga, akakoroga kwenye uji.

Tangu hapo, bibi akinywa uji alishikwa na kizunguzungu. Jioni presha ilipanda tena. Siku moja akaanguka mlangoni.

Wifi yake Fundi, binti wa bibi, akaja mbio. “Umempa nini mama yangu? Uji huu una mkono wa mtu!”

Wateja wakatazamana. Fundi akawaza. Jina la muuaji likishakupata, nani atakuletea tena kitambaa?

Jirani mmoja mfamasia, aliyekuja kujaribu gauni, akasema, “Maneno baadaye. Zahanati kwanza.”

Huko bibi alipimwa. Presha ilikuwa chini mno. Alipopata nafuu, mfamasia akauliza, “Dawa mnampaje?”

“Nasaga,” Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

“Aa! Sikiliza, fundi. Kila punje imevishwa ganda. Nyingine ganda jepesi, nyingine zito. Jepesi huyeyuka mapema, zito huchelewa. Hivyo dawa hutoka kidogo kidogo kutwa nzima. Ukisaga, umezivua zote kwa mpigo.”

“Kumbe si sumu?” wifi akauliza.

“Ni dawa ileile, ila imemwagika mwilini kwa mkupuo. Jioni hakikubaki kitu. Mbona hukuuliza, fundi?”

“Niliona haya. Wangesema nimeshindwa kumtunza mama.”

“Haya kwangu, wakati umbea wote tunapiga pamoja?”

Mfamasia akashauriana na daktari. Kapsuli hiyo inaruhusiwa kufunguliwa. Punje zinyunyizwe kwenye kijiko cha uji uliopoa, zimezwe papo hapo bila kutafunwa. “Lakini si dawa zote,” akaonya. “Ulizeni kila moja.”

Siku hizi bibi hapaliwi wala haanguki, na presha imetulia.

“Mama, usitafune!” wifi alipiga kelele asubuhi moja, nyumba imejaa.

“Nitafune kwa meno yapi, mwanangu?”

Watu wakacheka. Wifi akachukua bakuli, akajipakulia uji wa Fundi, akaunywa wote mbele ya wateja.

“Niongezee, wifi,” akasema.