Karafuu Inayoelea

Najma alikuwa ameingiza mkono hadi kiwiko ndani ya mashine ya tatu, akisugua parafujo ya kusagia kwa brashi, sauti ilipomjia sikioni.

"Kaa, hapa Mnara. Noah nyeupe imeegeshwa Mtaa wa Mkunguni. Wako wawili. Mmoja anashuka na dumu."

Aliendelea kusugua.

Kwa siku tisa alikuwa muosha mashine hapa Kariakoo, katika kiwanda kidogo cha juisi cha Bi Mauza. Kifaa cha sikioni kilikuwa kidogo kama punje ya choroko. Chini ya aproni ya plastiki kulikuwa na bastola, Glock 19. Kwa Mnara, kituo kilichomtuma, jina lake la siri lilikuwa Kaa; pale kiwandani wote walimwita Fatuma.

Saa nane mchana, mwezi wa Ramadhani. Kabla ya magharibi mashine hizi zilitakiwa kusaga matikiti na maembe kwa futari ya yatima elfu mbili, viwanja vya Mnazi Mmoja.

Na juisi haichemshwi.

Ndani ya mashine za matunda hujengeka utando mwembamba, unaoteleza kama kamasi. Humo vijidudu hujificha, sabuni isivifikie. Bi Mauza, mkemia mstaafu, aliuvunja utando huo kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na sabuni na siki. Dawa rahisi, na ilifanya kazi. Viwanda vilianza kuiulizia. Ndipo Kessler, mgeni aliyekuwa akiingiza dawa bandia za usafi kwa magendo, alipoona soko linamponyoka. Mpango wake ulikuwa mfupi. Abadilishe mafuta, apande vijidudu, watoto wafe. Baada ya hapo nani angeigusa karafuu tena?

Amri ya Najma ilikuwa fupi zaidi. Kessler akamatwe hai. Hakuna mtoto wa kuugua.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri, dumu la lita ishirini mkononi.

"Shikamoo, Bi Mauza. Naitwa Mudi. Mjomba Saif anaumwa, kanituma mimi nikuletee mafuta yako."

"Marahaba, mwanangu. Maskini Saif. Huko Wete, Pemba, hawajambo?"

"Hawajambo. Mimi nimeota meno kwenye mtambo wa karafuu, mama."

Akamimina mafuta kidogo kwenye ndoo ya maji. Harufu ya karafuu ikajaa chumba kizima.

"Ngoja niyakoroge, dada," akamwambia Najma. "Si unaona yamekaa juu? Ndiyo kawaida yake, yanaelea."

Najma akainua macho.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Huzama. Aliyekulia mtamboni huyakinga chini, maji yakabaki juu.

Lakini hakupenda kumhukumu mtu kwa neno moja. Alichovya kidole, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, kama wapishi wanavyoonja chumvi wakiwa na saumu zao. Akahesabu hadi ishirini.

Ulimi haukufa ganzi, kama karafuu halisi inavyoufanya.

"Kaka Mudi," alisema taratibu, "ya kwenu yalianza kuelea lini?"

Mudi akatabasamu. Kisha akachomoa kisu.

Kisu kilichana aproni na ngozi ya ubavu. Najma alimpiga kiwiko puani, mfupa ukalia. Akaishika Glock. Mudi akaipiga teke, ikateleza hadi uvunguni mwa meza. Walianguka pamoja juu ya mashine ya nne. Bega la Mudi likagonga swichi.

Mashine ikanguruma.

Mkono mmoja ukamkaba Najma koo. Mwingine ukainua kisu. Najma alikuwa na kitu kimoja tu mkononi.

Brashi. Ilikuwa inachuruzika dawa ya jana, ya Saif, ya kweli.

Akamsukumia machoni.

Mudi alipiga ukelele, akayumba, akapapasa pa kushika. Mkono wake ukaangukia kwenye mdomo wa mashine. Parafujo ikavipokea vidole vitatu.

Bi Mauza aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili.

Mashine ikazima. Najma alipekua kanzu. Mfukoni kulikuwa na kichupa cha maji ya kijivu, lakiri yake bado nzima.

"Umeshamwaga kingine?"

"Hicho hicho tu. Haki ya Mungu." Mudi alikuwa analia. "Saif yuko stoo, mtaa wa Gerezani. Tumemfunga kamba."

"Mnara, tuma watu Gerezani. Na gari la wagonjwa hapa."

"Sawa, Kaa. Noah inawashwa."

Najma aliokota bastola, akatoka mbio.

Noah haikufika mbali. Kariakoo haina haraka na mtu. Mkokoteni wa matikiti ulikuwa umeziba njia, na mwenye mkokoteni alikuwa anamwambia Kessler, aliyeshika usukani, asubiri zamu yake kama binadamu wengine.

Kessler alimwona Najma kwenye kioo. Akafyatua risasi kupitia dirishani.

Watu wakalala chini. Matikiti yakapasuka. Risasi ya pili ikamkwangua Najma begani. Alipiga magoti, akavuta pumzi, akafyatua mara moja.

Bega la Kessler likapasuka. Bastola ikaanguka lamini.

Najma alimvuta nje kwa ukosi, akamlaza kifudifudi. Wekundu ulitapakaa kote. Mwingine ulikuwa wa tikiti.

"Wewe," Kessler aligumia, "wewe ni muosha vyombo tu."

"Mashine, bosi. Vyombo anaosha mwingine."

Pingu zikalia.

Saa tisa na nusu alikuwa amefungwa bandeji, mkono umo tena ndani ya mashine. Dawa ya kweli iliyobaki ilitosha mashine tatu tu kati ya sita. Kila alipomaliza moja, alipitisha kijiti cha pamba ndani yake na kukisoma kwenye kipimo cha vijidudu chenye ukubwa wa simu. Chini ya kumi, salama.

Sita. Nane. Nne.

"Saga, Bi Mauza."

Walisaga bila kupumzika. Dumu la mwisho la juisi lilipotoka kwenda Mnazi Mmoja, Mnara akasema Saif amepatikana, yu hai, anaomba maji.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Bi Mauza akampa Najma tende.

"Na hizi tatu?"

"Ya nne ina damu. Ya tano na ya sita hazina dawa." Najma alizizungushia utepe mwekundu, akafunga kufuli kwenye swichi zake. "Zitaoshwa kesho saa kumi na mbili asubuhi, Saif akileta mafuta."

"Kwani jina lako kweli ni Fatuma?"

"Wewe niite hivyo hivyo."

Alitundika brashi kwenye msumari wake ili ikauke, akatoka akitafuna tende.