Wa Tano Kwenye Benchi

Kila Jumatano kidato cha pili waliingia chumba cha kompyuta, wanafunzi watano kwa mashine moja. Aliyewahi kiti cha mbele ndiye aliyeshika kipanya. Binti wa fundi cherehani, mpole wa watu, alikaa wa tano siku zote, akitazama visogo vya wenzake. Mwisho wa kipindi alitia tiki kwenye daftari la mazoezi kama wengine, kwamba amefanya.

Aliwahi kuuliza swali mara moja tu. "Hata mtoto wa chekechea anajua hilo!" mwalimu alimjibu, na darasa likaangua kicheko. Tangu hapo akaufyata.

Sasa mtihani wa vitendo ulikuwa umefika. Waliingia wanane wanane, kila mtu na mashine yake, mlango ukafungwa. Binti alikitazama kioo cheusi. Hakujua hata pa kuwashia. Akisema kweli, tiki zote ni uongo. Akinyamaza, sifuri. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ni mbovu."

Fundi wa kompyuta wa shule akaitwa. Akainama, akabonyeza kitufe kimoja, mashine ikaguna na kuwaka.

"Mbona nzima?" fundi akacheka. "Ulibonyeza wapi, mwanangu?"

Binti akautazama mlango. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Sikubonyeza popote. Sijui kuwasha. Tiki zangu zote ni za uongo."

"Loo! Mwaka mzima?" mwalimu akafoka. "Wewe msichana..."

"Hata mimi sijui, mwalimu," sauti ikatoka nyuma.

"Mimi najua kuwasha, basi. Kuzima ni mtihani mwingine," mwanafunzi mwingine akadakia.

Hakuna aliyecheka. Mikono ikanyanyuka mmoja mmoja, hadi ya watano kati ya wanane.

Mwalimu aliihesabu ile mikono. Kisha akakusanya karatasi za mtihani.

"Mtihani ni baada ya wiki tatu. Kuanzia leo, wa tano ndiye atakayeshika kipanya. Njoo, mama, kaa hapa. Ukikosea, tutarudia."

Wiki tatu zilipokwisha, binti alipata sitini na mbili. Mwalimu alimrudishia karatasi mbele ya darasa zima.

"Ulidanganya, na uongo ulikubana mwaka mzima. Usirudie. Lakini aliyekuziba mdomo ni mimi, kwa kejeli yangu. Basi tukubaliane: asiyejua aseme hajui, na humu ndani hachekwi mtu anayeuliza. Haya, nani ana swali?"

Mikono tisa ikapanda.