Watu Saba Kwenye Ngazi

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya cherehani. Mama alishonea katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, ili wateja waingie moja kwa moja kutoka barabarani. Sauti ya pili ilikuwa ya baba akihesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Baba alikuwa akiminya mpira wa matambara kwa mkono wa kulia. Mama alimshonea mpira huo kwa mabaki ya vitambaa. Kwa miaka mingi baba alikuwa fundi rangi, na nusu ya kuta za mtaa alizipaka yeye. Miezi minane iliyopita alipata kiharusi, na upande wake wa kulia ukalegea. Sasa aliweza kutembea kwa fimbo, taratibu. Mkono ndio uliokuwa mkaidi. Akifika kumi, mpira ulimponyoka.

Binti yao alikaa mezani na kompyuta yake. Mtaani walimwita Injinia. Wengine walimwita hivyo kwa heshima na wengine kwa utani, naye aliwaitikia wote. Alikuwa ametengeneza programu ya simu iitwayo Tukutane. Mwenye shughuli, iwe mkutano, darasa au mechi, aliitangaza humo. Aliyetaka kujua mtaani kuna nini, aliifungua akaona. Injinia aliwaonyesha rafiki zake sita aliosoma nao. Wote walisema ni nzuri sana.

Mwezi ule programu ilipata kazi ya maana. Katika hospitali alikotibiwa baba kulikuwa na mtaalamu wa viungo, ambaye wagonjwa walimwita daktari wa mazoezi. Mwanamke huyo alikubali kuja mtaani kila Jumamosi, bila malipo, kuwafundisha mazoezi watu waliopata kiharusi. Shule ya msingi ilitoa ukumbi. Daktari alikuwa na sharti moja tu.

"Nipatieni wagonjwa kumi," alimwambia mama. "Wasipofika kumi, nitakwenda mtaa mwingine. Huko wananiomba tangu zamani."

Mtaa huo mwingine ulikuwa mwendo wa mabasi mawili. Baba hakuweza kupanda ngazi za basi hata moja.

"Tutatangaza kwenye programu ya mwanetu," mama alisema.

Siku hiyohiyo, akiwa amekaa kwenye cherehani, alishika simu akaandika: "Mazoezi kwa waliopata kiharusi, Jumamosi saa tatu asubuhi." Mahali hakuandika. Simu ilimwomba ruhusa ya kutambua yenyewe mahali alipo, naye akabonyeza "Ruhusu", kama anavyobonyeza siku zote.

Jumamosi ilipofika walipanga viti kumi na viwili ukumbini. Wagonjwa waliokuja walikuwa watatu. Mmoja alikuwa baba, na wawili ni watu ambao mama aliwaambia mwenyewe kwa mdomo. Daktari wa mazoezi alisubiri nusu saa, akawafundisha hao watatu. Hakukasirika.

"Nitakuja tena Jumamosi ijayo," alisema. "Tukiwa wachache hivi tena, mtanisamehe."

Baba alivitazama viti vitupu. Alikuwa ameamka mapema, akanyoa ndevu na kuvaa shati lake zuri.

Nyumbani walimkuta jirani wa ng'ambo ya barabara amesimama mlangoni pao, mikono kiunoni. Alikuwa karani mstaafu wa posta, na jina la Mama Posta lilimganda hata baada ya kustaafu.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

"Afariki nani tena?" mama akashtuka.

"Watu saba walikuwa wamekaa kwenye ngazi zenu tangu saa tatu. Wana fimbo, wamejiinamia, hawasemi. Nikajua ni msiba. Nikawaletea maji, nikawapa pole. Ndipo mmoja akaniambia wamekuja kufanya mazoezi. Wamegonga wee, wakachoka, wakaenda zao."

Injinia alifungua tangazo kwenye simu. Kulikuwa na ramani, na juu ya ramani alama nyekundu. Alama ilikuwa imekaa juu ya paa la nyumba yao. Programu ilichukua mahali alipokuwa mama wakati anaandika, ikadhani shughuli itafanyika hapohapo.

"Mama, ulitakiwa kuisogeza alama," alisema.

"Alama gani?"

"Hii nyekundu. Unaishika kwa kidole, unaiburuta mpaka shuleni."

"Nani aliniambia?"

"Lakini mama, hilo kila mtu analijua."

"Basi mimi si mtu," mama alisema, akaingia ndani.

Baba aliketi kwenye ngazi, palepale walipokaa wale saba. Tangu augue, maneno yake yalitoka moja moja.

"Usimlaumu mama yako," alisema. "Na wale saba... hawakukosea. Walikwenda walikoelekezwa."

Injinia aliona aibu.

Alasiri alivuka barabara. Mama Posta alikuwa akikunja nguo zilizokauka.

"Shikamoo, Mama Posta."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunieleza ule msiba?"

Injinia akamweleza yote. Mama Posta aliendelea kukunja.

"Ulipoimaliza hiyo programu, ulimwonyesha nani?"

"Rafiki zangu."

"Wa umri wako, waliosoma ulichosoma wewe?"

"Ndiyo. Niliwauliza kama wanaielewa, wakasema wanaielewa."

Mama Posta akacheka. "Mimi nimekaa dirishani pale posta miaka ishirini na sita, nagawa fomu. Mwanzoni nilikuwa nauliza kama wewe. Umeelewa? Mtu anasema ndiyo. Kumbe hajaelewa, lakini nani anataka kuonekana mjinga mbele ya foleni? Mwingine anajifanya kasahau miwani. Nikaacha kuuliza. Nikawa nampa mtu fomu na kalamu, nanyamaza, natazama mkono wake. Mkono ukisita, ninajua fomu ina kasoro pale."

"Fomu, si mtu?"

"Fomu. Tulikuwa na fomu moja ya vifurushi. Watu walikuwa wanaandika jina lao mahali pa jina la mpokeaji. Wiki ikiisha, mtu anapokea kifurushi alichotuma mwenyewe. Mkuu wetu akasema watu hawasomi. Nikamwambia, mzee, hawa wote hawawezi kuwa wajinga siku moja. Tukaibadilisha fomu, na vifurushi vikaacha kurudi."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Jumatatu nitakuletea watu. Utawapa simu. Hutasema neno, na hutagusa."

"Wakikwama je?"

"Si ndicho unachokitafuta? Wakikwama, andika wamekwama wapi."

"Nitashindwa kujizuia. Mikono itanienda yenyewe."

"Ikalie," Mama Posta alisema.

Jumatatu wa kwanza kufika alikuwa muuza mboga. Mama Posta alimwambia atafute kwenye simu mazoezi ya Jumamosi. Programu ikafunguka, ikamtaka ajisajili. Ikamwomba jina, namba ya simu na namba ya siri. Muuza mboga aliiweka simu mezani.

"Naombwa namba ya siri na sijaona hata kuna nini ndani," alisema. "Mimi mteja akija, namwonyesha nyanya kwanza."

Injinia aliuma ulimi. Kwa kujisahau alichomoa mkono mmoja kutoka chini ya mapaja, Mama Posta akamkata jicho, akaurudisha.

Akaja kinyozi. Yeye aliambiwa atangaze mechi kwenye uwanja wa shule. Alipoombwa ruhusa ya mahali, alibonyeza bila kusoma, kama mama. Kwenye muda akaweka tatu, akimaanisha saa tatu asubuhi. Simu, ikihesabu saa za Kizungu, ikaandika saa tisa za usiku wa manane.

"Hiyo mechi watacheza na popo," Mama Posta alisema.

Kinyozi hakuona kosa. Alibonyeza "Hifadhi", akarudisha simu, akaondoka akijua ametangaza. Kumbe tangazo lilibaki ndani ya simu, halikwenda kwa mtu yeyote.

Kila mmoja aliulizwa pia ukumbi wa shule uko wapi. Hakuna aliyetaja ramani wala jina la barabara. Muuza mboga alisema ni geti la nyuma, ukishapita tangi la maji. Kinyozi alisema ni mkabala na fundi baiskeli. Injinia aliandika yote kwenye daftari.

"Amebaki mmoja," Mama Posta alisema. "Baba yako je?"

Injinia akageuka kumtazama. Tangu siku ya kwanza alipoanza kuitengeneza programu ile, baba alikuwa amekaa hatua nne kutoka mezani. Hakuwahi kumpa simu ajaribu. Hakuwahi hata kufikiri.

Baba aliishika simu kwa mkono wa kushoto. Kisha akainua mkono wa kulia.

"Nitatumia huu," alisema.

Kidole kilitetemeka. Kikagusa vitufe viwili kwa pamoja, ukurasa ukajifunga. Akaanza upya. Ukajifunga tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Injinia alitamani kuichukua simu amalize yeye, na ilimuuma sana kukaa vile na kutazama. Aliikandamiza mikono chini ya mapaja mpaka ikafa ganzi. Mara ya nne baba akaiweka simu chini.

"Vitufe vimebanana, mwanangu," alisema. "Na maandishi ni ya kijivu, juu ya meupe. Mimi fundi rangi. Kitu ukitaka kionekane, hukipaki hivyo."

Injinia alitaka kumwambia kwamba rafiki zake walizisifu rangi zile. Aliandika.

Jioni alimfuata mama kwenye cherehani.

"Mama, nilikulaumu bure. Kosa lilikuwa langu."

Mama alikata uzi kwa meno. "Nimesikia. Sasa wenye simu ndogo, zile za kubonyeza, umewafikiria? Wagonjwa wengi wanazo hizo."

Hakuwa amewafikiria. Aliandika na hilo.

Alifanya kazi siku mbili nzima. Alhamisi asubuhi alimpa mama simu, akaketi juu ya mikono yake bila kuambiwa.

Programu ilipofunguka ilionyesha shughuli za mtaani moja kwa moja. Haikumwomba mtu namba ya siri. Mama akabonyeza "Nataka kutangaza". Maswali yalikuja moja moja, kila swali na ukurasa wake: Kuna nini? Ni wapi? Ni lini? Nani apigiwe simu? Maandishi yalikuwa meusi na makubwa, na kila kitufe kilikuwa na upana wa vidole viwili.

Kwenye swali la mahali simu iliuliza: "Je, shughuli itafanyika hapo ulipo sasa?" Mama akabonyeza "Hapana". Ikamwambia aelekeze kama anavyomwelekeza mgeni. Akaandika: "Ukumbi wa shule ya msingi. Geti la nyuma, ukishapita tangi la maji, mkabala na fundi baiskeli."

Muda ulikuwa umeandikwa kwa maneno, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Akachagua saa tatu asubuhi.

Mwisho tangazo lote likatokea, na juu yake maneno haya: "Majirani wataona hivi. Soma kwanza." Mama akasoma kwa sauti, akafika kwenye siku, akasimama.

"Nimeweka Ijumaa," alisema. Akasahihisha. Kisha akabonyeza kitufe kimoja kikubwa kilichobaki, "Tangaza". Simu ikajibu: "Tangazo limefika kwa majirani." Wenye simu ndogo, ambao mama alikuwa amekusanya namba zao, walilipata kama ujumbe wa kawaida.

Jumamosi walipanga tena viti kumi na viwili. Injinia alisimama mlangoni, akiwahesabu wanaoingia. Saa tatu kasoro robo walikuwa wanne. Daktari wa mazoezi alifika, akawatazama, akaweka mkoba wake chini. Kisha fimbo zikaanza kusikika kwenye njia ya geti la nyuma. Wale saba walikuja, wengine wakiwa wameshikwa mkono na ndugu zao.

"Leo hatukai kwenye ngazi?" mmoja alimuuliza mama. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Nyuma yao walikuja wengine wawili ambao hakuna aliyewajua. Wagonjwa walikuwa kumi na watatu. Kiti kimoja kilipungua, na Mama Posta, aliyekuja kutazama tu, alitumwa darasani kukileta.

Baada ya mazoezi daktari alifunga daftari lake. "Nitakuwa nakuja kila Jumamosi," alisema. "Ila nani atakuwa anatangaza? Mama ana kazi yake ya kushona."

Watu wakatazamana. Baba akainua mkono, na ulikuwa wa kulia. Ulipanda polepole, ukafika usawa wa bega, ukatulia hapo.

"Mimi," alisema.

Mama akampa simu. Baba akaanza kuandika tangazo la Jumamosi inayofuata, kidole kimoja, herufi moja moja. Ilichukua muda mrefu. Kidole kilitetemeka vilevile, lakini vitufe vilikuwa vipana na hakuna ukurasa uliojifunga. Watu kumi na wawili walisubiri kwenye viti vyao. Hakuna aliyemharakisha. Injinia alikuwa amekaa pembeni, mikono chini ya mapaja.

Baba akasoma tangazo lote. Akabonyeza.

Ukumbi mzima simu zikalia, kubwa na ndogo, mifukoni na mikobani, karibu kwa pamoja. Kila mtu akatoa yake, akasoma.

"Geti la nyuma," mzee mmoja alisoma kwa sauti. "Ukishapita tangi la maji." Akaitia simu mfukoni. "Naam. Hapa napajua."