Matawi ya Umurinzi Machimboni

Chai ya asubuhi ndiyo iliyoanza kunuka. Valentin alikirudisha kikombe mezani, akanusa tena: kabaidi, ile ya taa za wachimba madini wa zamani, inayonuka kama kitunguu saumu kilichooza. Nyumbani kwake Nengo hapakuwa na taa ya namna hiyo. Mkewe, Nyirasafari, alisema labda ni sufuria. Valentin alikubali upesi, kama mtu anavyokubali jambo linalomfaa.

Maana kabaidi alikuwa ameinusa mahali pamoja tu: machimbo ya kasiterite, mawe ya bati, huko Nyakiriba, yaliyofungwa zamani. Mwaka ule wa 1999, bunduki zilipokwisha kunyamaza milimani, mradi wa mazingira ulifukia mashimo na kupanda miti juu yake. Valentin, agronome, mtaalamu wa kilimo aliyerudi kutoka uhamishoni Karagwe na diploma yake, alipewa kazi ya kufuatilia uoto: kupita kila kipande, kutazama mche upi umeshika na upi umekufa. Karibu yote ilikufa. Udongo ule ulikuwa umechoka, na angesema hivyo tu, nani angemla? Lakini wageni wa mradi walikuwa njiani, naye alikwisha kuwaambia kwamba kumestawi.

Karibu na machimbo aliishi mjane, Nyirabagenzi. Mumewe aliporomokewa na shimo mojawapo akabaki humo humo. Kwa kukosa kaburi, mama huyo alimjengea kijumba cha mizimu, indaro, na kando yake akapanda umurinzi, mti wa maua mekundu ambao wenyeji hawaukati hata kwa kuni. Nao una tabia moja: tawi lake ukilichomeka ardhini, linachipua. Siku mjane alipovuka mpaka kwenda sokoni Goma, Valentin aliukata mti ule ukabaki kigogo, akayachomeka matawi machimboni kote. Maharage ya mama yule alikuwa ameyala mara nyingi, tena kwa kuongezewa.

Baada ya chai ikafuata sauti. Nyirasafari akisonga ugali, kitu kiligonga chini ya sakafu, taratibu, kama mtu anayetafuta mwamba kwa sururu. Kisha Uwase, binti yao wa pekee, msema kama chiriku, akaacha kusema. Alifungua kinywa, na badala ya neno kikatoka kile kile kishindo kidogo cha chuma juu ya jiwe, tena na tena, na ile harufu ikatoka pamoja nacho, ikajaa chumba, ikashika mapazia, ikashika nguo za mama yake aliyemkumbatia, na udongo wa machimbo ukaanza kuonekana kwenye pembe za midomo ya mtoto ambaye hakuwa ametoka nje ya ua tangu sauti ile ianze.

"Valentin," mkewe alinong'ona, "iko mutu ndani ya mutoto."

Nyirasafari alitoka kwenye familia ya mpakani, nusu kanisani, nusu msikitini. Alasiri alimleta mjomba wake, mwalimu Hakizimana, anayesomea watu maji. Mzee alisoma, akampaka mtoto maji usoni, na kishindo kikazidi. Akamvuta Valentin hadi mlangoni.

"Hii jini ilikuwa inalala pa muti ya mutu," alisema kwa sauti ya chini. "We umeiamsha. Ulikata nini?"

Valentin aliangalia viatu vyake. Akamweleza yote kwa kunong'ona ili mkewe asisikie, na mkewe akasikia.

"Bon. Kusoma peke yake haitaitosha. Kesho wageni wanakuja, si ndiyo? Simama mbele ya watu wote, useme ile miti ulitoa wapi. Mficha uchi hazai."

Asubuhi Valentin alianzia kwa mjane, akamkuta ameketi kando ya kigogo.

"Mama, nisamehe. Ni mimi."

"Najua ni we. Nani mwingine anapita huku na botte pa miguu?" Nyirabagenzi hakuinua macho. "Mi nakusamehe, mutoto yangu. Lakini bwana yangu hakunituma nikusamehe pa nafasi yake. Enda useme kule."

Valentin aliinuka, akashika njia. Afadhali angetukanwa.

Machimboni ukungu ulikuwa umeinuka. Kila tawi lilikuwa na majani mabichi. Watu wa Nyakiriba waliutambua mti ule, wakatazama chini. Wageni walifurahi mno, wakamwomba mtaalamu aeleze siri ya mafanikio.

Valentin alisimama. Alimwona mjane nyuma ya watu. Alimwona mkewe, Uwase mgongoni. Alifungua kinywa, na maneno yote yalikuwapo, yamepangwa tangu alfajiri.

"Siri," alisema, "ni bidii ya kazi."

Makofi yakalia. Katikati ya makofi akasikia sururu, karibu kuliko siku zote, karibu hivi kwamba alishindwa kujua inagonga upande gani. Nyirasafari aligeuza uso.

Mgongoni mwake Uwase alipiga chafya, akajifuta midomo, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mama, ule muzee ametoka."

"Ameenda wapi?"

Mtoto akamnyooshea baba yake kidole. "Anasema amepata shimo ingine."

Valentin alikohoa, akaziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka kabaidi, na kilikuwa na udongo. Wageni wakamwita apigwe picha, naye akakifuta kiganja kwenye suruali, akaenda kusimama katikati ya miti.