Migomba Iliyonona Chini ya Tuta

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha uji, Kemilembe alishuka bwawani kutazama migomba yake. Bwawa lilikuwa lake na mumewe Aroni, hapo kijijini Kanazi. Walikuwa wamezuia maji ya bondeni kwa tuta kubwa la udongo. Kiangazi kikifika, maji hayo yalinywesha nyanya na kabichi zao.

Mhaya na mgomba ni chanda na pete. Kemilembe aliona tuta limekaa bure, akalipanda migomba juu hadi chini. Akatandaza nyasi kavu mashinani, kama watu wote wafanyavyo kibanjani, shamba la migomba la nyumbani. Migomba ya chini ya tuta ikanona kuliko yote. Mikungu yake ya nshakala, ndizi za kupika, ilikuwa mizito, na majirani waliisifu. Kemilembe alipenda kusifiwa, wala hakuficha.

Mwezi wa tano mvua ilinyesha mfululizo, bwawa likajaa. Asubuhi moja Kemilembe alifunua nyasi chini ya mgomba mmoja ili ang'oe magugu. Mguu wake ukazama kwenye tope. Palikuwa na tundu dogo, nalo lilikuwa linatoa maji. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mawe! Mama yangu!" alisema.

Alitazama bondeni. Chini ya bwawa ilikuwepo nyumba ya mzee Karugendo, jirani yao. Mke wa Karugendo alikuwa anafua uani, na wajukuu wanacheza karibu naye. Kama tuta lingebomoka, maji yangeanzia hapo. Kemilembe aliogopa sana.

Alimwita Aroni kwa sauti. Karugendo naye alisikia, akapanda mbio na jembe na ndoo ya udongo wa mfinyanzi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Karugendo alisema. "Pisheni, nizibe tundu hili sasa hivi."

"Subiri kwanza, Ta Karugendo," Kemilembe alimzuia kwa heshima. "Tusibahatishe. Nampigia Edvina."

Edvina alikuwa afisa wa maji. Alipokuja kwenye mkutano wa kijiji aliwaachia watu namba yake ya simu. Sasa aliuliza swali moja tu: "Maji yanayotoka ni safi au yana tope?"

"Yana tope."

"Basi watu kwanza. Waondoeni wote walio chini ya bwawa. Mwambieni na mwenyekiti wa kijiji. Tundu msilizibe. Ninakuja."

Karugendo alikunja uso. "Nihame nyumba yangu kwa sababu ya tundu la kidole?"

"Ndiyo, waitu," Kemilembe alimsihi. "Nyumba hujengwa tena. Wajukuu utawajenga kwa udongo gani?"

Hakungoja jibu. Alishuka, akambeba mjukuu mdogo mgongoni, akamshika mwingine mkono, akapanda nao mpaka nyumbani kwake. Mke wa Karugendo alimfuata. Karugendo alikuja nyuma, akinung'unika njia nzima, naye Aroni akampigia simu mwenyekiti wa kijiji.

Edvina alifika kwa pikipiki. Alichuchumaa mbele ya tundu, akakinga maji kwa kiganja.

"Maji safi tungeyachunga tu," alisema. "Haya yana tope kwa sababu yanakula tuta kutoka ndani. Tundu litapanuka."

"Si ndiyo maana nilitaka kuziba?" Karugendo aliuliza.

"Mzee wangu, ufa wa ukuta huzibwa. Huu wa bwawa ukiuziba upande huu, maji yatatafuta njia nyingine, na pengine hatutaiona. Tunayaacha maji yatoke, ila tunauzuia udongo usitoke nayo."

Aroni alikuwa na mchanga na kokoto za kujengea. Walimwaga mchanga wa chenga juu ya tundu, kisha kokoto, kisha mawe. Maji yaliendelea kutoka, na polepole yakawa safi.

Halafu Edvina alikwenda kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi. Aliukuta umezibwa kwa mawe.

"Nilitaka maji yabaki mengi," Aroni alisema, macho chini.

"Yamebaki mengi kuliko tuta linavyoweza kubeba. Toeni mawe haya. Fungueni na bomba la bustani, maji yapungue kidogo kidogo. Msikate tuta ili kuyapunguza, litabomoka lote."

Kemilembe aliuliza kwa sauti ndogo: "Na migomba yangu?"

"Maji yakishapungua, ikatwe yote, na mashina yang'olewe."

"Lakini ndiyo iliyonona kuliko yote!"

"Ulidhani inanona kwa nini, Ma Kemilembe? Inakunywa bwawa lako. Mizizi hufungua njia ya maji. Ikioza, huacha matundu. Na nyasi zako zimetuficha ufa. Tuta si kibanja."

Kemilembe aliitazama migomba yake. Iliuma. Mikungu mingine ilikuwa bado michanga. Lakini nyuma yake alisikia wajukuu wa Karugendo wakicheka jikoni kwake.

"Nitaikata mwenyewe," alisema.

Na kweli aliikata mwenyewe. Kiangazi kilipoingia, mafundi walichimba sehemu mbovu ya tuta, mashina na mizizi yote. Walirudisha udongo wa mfinyanzi kwa tabaka nyembamba, wakaulowesha kidogo na kuushindilia kila tabaka. Edvina alisimamia. Juu walipanda nyasi fupi, na Aroni huzifyeka ili kila kitu kionekane. Utoro ulipanuliwa, na hakuna anayethubutu kuweka jiwe pale. Edvina aliporidhika, familia ya Karugendo ilirudi kwao.

Tangu hapo Kemilembe hukagua tuta kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Hutafuta unyevu, nyufa, mashimo ya fuko na mahali palipotitia. Akiona jambo, huwaita watu kabla ya kushika jembe.

Mvua za vuli zilikuja kwa hasira. Baada ya moja iliyonyesha usiku kucha, Kemilembe alitoka alfajiri na mwavuli. Maji yalipita utoroni yakivuma. Chini ya tuta palikuwa pagumu, bila tope. Alizunguka tena ili awe na hakika. Kisha akapiga simu.

"Ta Karugendo, mko salama?"

"Tuko salama, Ma," Karugendo alijibu, sauti imejaa usingizi. "Tulikuwa tumelala vizuri mpaka ulipotuamsha."

"Basi laleni," Kemilembe alisema.