Kopo Lililopita Maabara

Pikipiki ya Yamaha ililala kwenye kona mpaka goti la Nondo likakaribia lami. Mbele yake Hiace ya buluu, imesheheni katoni za krimu ya uso, ilikuwa inakata mbuga kuelekea mjini.

Nondo alichomoa bastola yake, Glock. Tairi la nyuma lile pale.

Redio ikakoroma sikioni.

"Nondo, hapa Kituo. Acha."

"Nimewafikia, Mkuu."

"Maabara imesema krimu ni salama. Zebaki iko chini ya kiwango. Acha."

Akafunga breki. Dereva wa Hiace alitoa mkono dirishani, akampungia kama anamuaga shemeji.

Jasusi aliyewahi kuruka kutoka helikopta bila kupepesa macho, sasa amesimama kando ya barabara kama abiria aliyeachwa na basi. Mdogo wake wa kike alikuwa amelazwa, uso umevimba, figo zinazima. Alikuwa akipaka krimu hiyo hiyo. Daktari alikuwa na dawa ya kutoa zebaki mwilini, lakini ni dawa kali, na hospitali haikuwa na kipimo cha zebaki. Angempaje mgonjwa dawa hiyo wakati maabara inasema krimu haina neno? Alitaka namba nyingine kutoka maabara.

Namba haitishwi kwa bastola.

Maabara ilinuka spiriti. Mkemia, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimwonyesha majibu.

"Nimepima mara tatu, kaka. Namba hii tunaizidisha kwa krimu anayopaka mtu kwa siku, tunajua kinachoingia mwilini. Ni kidogo mno."

"Unachota wapi?"

"Hapo juu, kidogo tu. Kopo linarudi kwa mwenye mali. Tukilivuruga wanalalamika."

"Na wenye mali wanajua hivyo?"

"Nani asiyejua? Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Nondo akachomoa kisu mguuni. Mkemia akarudi nyuma mpaka ukutani. Kisu kikazama ndani ya kopo lililokuwa bado mezani hadi chini kabisa, kikatoka na rangi mbili: nyeupe juu, kijivu kwenye ncha.

Mkemia alivuta stuli akakaa.

"Wametuwekea juu kile tunachopima," alisema.

"Pima ya chini."

Mashine haina ndugu wala haraka. Nondo alisoma bango la kunawa mikono. Akalisoma tena. Bastola ilijaa risasi na hapakuwa na wa kumpiga. Aliogopa, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, hakujua mikono aiweke wapi.

"Kiwango ni sehemu moja katika milioni," mkemia alisema hatimaye. "Hii ni elfu sita."

Nondo akabonyeza redio.

"Kituo, chini ya kopo ni elfu sita."

Mkuu akajibu kwa neno moja.

"Kamata."

Ghala lilivunjwa mlango mchana kweupe. Dereva wa Hiace alikimbilia dirishani, akakutana na kiwiko cha Nondo. Tajiri wa mzigo, mgeni aliyevaa Rolex na marashi ya kukera, alinyoosha mikono huku akitabasamu.

"Nina cheti cha maabara, bwana."

"Utakisoma rumande."

Pingu zikalia. Hakuna katoni hata moja ya mzigo huo iliyofika dukani.

Simu ya Nondo ikaita. Alikuwa daktari.

"Mkemia amenipigia. Tumeanza dawa. Lakini nisikufiche, ndugu yangu. Sumu itatoka, ila figo hazitarudi. Tungeanza wiki iliyopita, labda. Mdogo wako anataka kuongea na wewe."

Sauti ya mdogo wake ilikuja nyembamba.

"Kaka, umewakamata?"

"Wote."

"Kwa hiyo wenzangu hawatapaka tena."

"Hawatapaka."

"Na mimi nitapona, si ndiyo?"

Nondo alikuwa amewadanganya majenerali, mabalozi na majambazi, kwa lugha nne, bila jasho kumtoka. Siku hiyo alitafuta uongo mmoja wa kumpa mdogo wake na hakuupata.

"Nakuja," alisema.

Alivaa miwani yake ya jua, akapita katikati ya askari waliokuwa wakimpisha kwa heshima, taratibu, mkono mmoja mfukoni. Askari mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba yule mtu hana moyo.